Kisanduku cha Jina la Nyumbani

Meza ililia kengele, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Hiyo ndiyo sauti iliyowafanya watu wa Mngeta Juu waache kutafuna, waache kunong'ona, wasimame hata kama magoti yanauma. Kutoka kwenye kioo cheusi kilicholala juu ya meza, mistari miwili ya mwanga iliinuka hewani kama mvuke wa chungu. Ikasogeleana. Ikajisokota, ikawa mmoja. Roboti mpokezi, mashine ya miguu mitatu na mkono mmoja laini, ilipita kati ya mabenchi, ikamshika kiwiko mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ikamwongoza taratibu hadi mlango wa ndani. Mlango ukafunguka. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama pale, mikono kaifumbata kifuani.

"Kaka," alisema. "Mbona umezeeka hivyo?"

"Na wewe mbona umenenepa hivyo?" alijibu mzee, kisha akaanza kulia kama mtoto.

Ukumbi ukacheka, ukapangusa macho, ukarudi kukaa kwenye mabenchi yake kusubiri.

Tulizo, aliyekuwa amesimama nyuma ya meza, hakucheka wala hakulia. Alitazama tu, kama mpishi anayetazama wageni wakila chakula ambacho yeye mwenyewe hajakionja. Meza ile iliitwa Mkutanishi, na fomu zake zote alikuwa amezibuni yeye.

Miaka mingi nyuma, kabla mji haujainuliwa juu ya nguzo, Mafuriko Makuu yalilipitia bonde usiku mmoja, yakamega familia kama mtu anavyomega ugali. Watoto waliopolewa walipelekwa kambini. Wauguzi waliwapa majina mapya wale ambao hawakuweza kujitaja. Wazazi walielea upande mwingine, wakaangukia wilaya nyingine, wakazeeka huko. Mkutanishi uliundwa ili uwarudishe. Ulikuwa hifadhidata ya mezani kwa makusudi: watu waliopotezana na ndugu zao hawakutaka majina yao yahifadhiwe angani, mahali wasipoweza kupagusa. Waliitaka kumbukumbu ikae mezani, ndani ya ukumbi, wapite waione. Kila jioni ndege-tarishi, chombo kidogo kama kunguru, kilibeba nakala kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine.

"Hifadhidata ni ghala," Tulizo alizoea kuwaambia wanafunzi wake wa chuo. "Fomu ni mlango wa ghala. Ghala liwe kubwa namna gani, gunia lisilopita mlangoni halitalala ndani."

Naye mlango wake aliujenga vizuri. Fomu-nuru iliinuka mbele ya mgeni, visanduku vyake vikielea usawa wa macho. Mtu alizungumza, maneno yakajiandika. Kisanduku kilichojazwa sawasawa kiligeuka kijani; kilichokosewa, chekundu. Kisanduku kilichobeba uzito kuliko vyote kiliulizia jina la nyumbani, jina ambalo mtoto aliitwa kabla ya kambi, kwa kuwa hilo tu ndilo pande zote mbili zingelijua. Mtoto aliruhusiwa kujibu "sikumbuki". Mzazi hakuruhusiwa. Ni mzazi gani angesahau?

Sauti iliyouliza maswali ilikuwa ya Tulizo mwenyewe. Wakubwa wa mradi walisema sauti yake inatuliza.

Mwenyewe alikuwa mtoto wa kambi. Kila mwaka, ukumbi ukiwa mtupu, aliketi upande wa wageni akaijaza fomu yake. Kovu gotini, ndiyo. Kikombe cha bati cha buluu, ndiyo. Jina la nyumbani: sikumbuki. Hapo tu ndipo aliposema uongo.

Asubuhi ile, mzee wa kofia ya sufu alipokuwa bado analia mlangoni, mwanamke mmoja mwembamba aliikaribia meza, akaweka kikapu chake chini, akakaa. Aliitwa Bi Akwilina. Fomu ilimuuliza kijiji, akajibu. Ikamuuliza ukoo, akajibu.

"Jina la nyumbani la mtoto?"

"Takataka."

Kisanduku kikawa chekundu. "Samahani," ilisema sauti tulivu. "Hilo si jina la mtu. Tafadhali taja jina sahihi."

"Takataka," alirudia Bi Akwilina, akikata silabi moja moja.

"Samahani. Hilo si jina la mtu."

"Si jina la mtu?" Bi Akwilina alisimama. "We meza! Umechongwa juzi tu, unanifundisha mimi jina la mwanangu wa kumzaa?"

Dezidery, fundi wa roboti, aliyekuwa amelala chini ya mpokezi akikaza mguu wa tatu, alichungulia. "Bibi, usigombane na meza. Meza haina haya."

"Kama ina mdomo wa kunijibu, ina masikio ya kusemwa! Na wewe toka huko chini, unaongea na mtu mzima umelala?"

Dezidery alitoka haraka kuliko alivyokusudia, akagonga kichwa. Mabenchi yakamcheka. Tulizo akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii meza yenu haina adabu."

"Inachuja tu, mama. Zamani vijana walikuwa wanakuja wamelewa, wanataja matusi. Bibi mmoja aliwahi kuitwa akutane na mwanawe, kumbe ni mzaha. Alizimia. Ndipo tukaweka kichujio." Alisema "tukaweka", ingawa orodha ya maneno yaliyokatazwa aliiandika peke yake. "Mwanao hana jina la ubatizo?"

"Hakuwahi kubatizwa. Maji ya mto yalitangulia maji ya padri."

Bi Akwilina akaketi tena, sauti ikashuka.

"Hii ni mara yangu ya pili. Mara ya kwanza iliponikataa niliona aibu, watu wamejaa hivi. Niliondoka. Nikasema labda watu wa siku hizi wanadhani tulikuwa tunawatukana watoto wetu."

"Na..." Tulizo aliinama karibu naye. "Hamkuwa mnawatukana?"

Bi Akwilina alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama mtoto huyu anauliza au anadhihaki.

"Nilizika kabla yake, mwanangu. Zaidi ya mmoja. Kila nikimpamba mtoto, anaondoka. Basi huyu alipozaliwa, hawakumfunga khanga. Wifi yangu alimviringisha kwenye tambara la kushikia chungu, akaenda kumlaza kwenye majani ya taka nyuma ya jiko. Jirani akapita, akajifanya ameshtuka: 'Nani katupa takataka yake hapa?' Nami nikaitikia kwa ndani, 'Si yangu, chukua!' Akamwokota. Akaniletea. Nikampokea kama kitu cha mtu mwingine." Alitabasamu. "Kifo kina wivu. Kinabeba kilichopendwa. Ukikidanganya kwamba hiki hakina thamani, kinapita kando. Kwa hiyo mchana kutwa unamwita Takataka, ili kisikie. Usiku unamnusa utosi."

"Wengi walifanya hivyo?"

"Kwetu bondeni? Kulikuwa na Siwatu, kulikuwa na Masizi, Kifusi, Jalala. Ukisikia jina baya, ujue mama yake alikuwa na hofu kubwa."

Tulizo alishika ukingo wa meza.

Upepo wa jioni, moshi wa kuni, na sauti ya mwanamke ikivuka mashamba ya mpunga: *Jalala! Jalala wee, njoo ule!* Hicho tu ndicho alichobaki nacho cha mama yake, na alikuwa amekificha tangu kambini. Muuguzi alipomuuliza jina akalitaja, watoto wenzake waligaragara kwa kicheko. Hakulitaja tena. Alinyamaza siku nyingi mpaka wakamwita Tulizo, kwa vile halii. Alikua akiamini kwamba mama aliyemwita hivyo hakumtaka, na pengine maji yalipokuja alishukuru kumwachia. Alipopewa kazi ya kuandika kichujio, neno la kwanza kwenye orodha, kabla ya tusi lolote la mlevi, lilikuwa jalala.

Hata hivyo alimtamani. Alimtamani kila kengele ilipolia.

"Mama, ukikubali, nisubiri kidogo," alisema.

Alizunguka meza, akaketi upande wa wageni, kumbukumbu za watu wote zikiwa zimezimwa, fomu tupu ikielea mbele yake. Alitaka aone alichokiona yule mama. Alipofika kwenye kisanduku, alisema kwa sauti ndogo:

"Jalala."

"Samahani," alijijibu mwenyewe, kwa upole uleule uliosifiwa na wakubwa. "Hilo si jina la mtu."

Kisha akageuka.

"Dezidery. Majibu yaliyokataliwa yanahifadhiwa wapi?"

"Yahifadhiwe wapi tena, dada? Wewe ndiye uliyesema fomu isitunze uchafu. Kichujio kikikataa, kinafuta."

"Hakuna hata alama?"

"Hata harufu."

Kwa hiyo hangejua kamwe. Pengine mama yake alikufa usiku ule wa maji. Pengine anaishi mahali, hajasikia habari za meza hii. Au pengine alishawahi kuja, akakaa kwenye kiti hikihiki, akalitaja jina alilomkinga nalo mwanawe, na akaisikia sauti ya mwanawe, iliyokomaa, asiyoweza kuitambua, ikimwambia kwamba huyo si mtu. Akabeba kikapu chake akaondoka.

Tulizo alifungua ubao wa usanifu, akakitafuta kichujio, akakifuta chote, matusi ya walevi na yote. Afadhali mizaha mia ipite. Kisha akaita kumbukumbu yake mwenyewe, akaondoa "sikumbuki", akaandika jina. Kisanduku kikawa kijani. Mstari mmoja wa mwanga uliinuka kutoka kwenye kioo, ukazunguka hewani ukitafuta mwenzake, ukatafuta tena chini chini kama mtu aliyedondosha sindano, ukarudi kulala.

"Hakuna anayelingana," ilisema sauti yake. "Endelea kusubiri."

Bi Akwilina akalitaja lake tena: mstari wa Takataka nao ukainuka, ukazunguka, ukarudi. Aliutazama mpaka ulipozama.

"Angalau sasa ameingia ndani," alisema.

Jioni ile ndege-tarishi zilibeba tangazo kwenda kila ukumbi wa bonde: *Wote mliokataliwa jina, rudini. Kosa lilikuwa letu.* Wiki haikuisha, ukumbi ukafurika. Wazee kwa vijana, mama na watoto wa kambi wenye vyeo vikubwa, kila mmoja akiwa na jina ambalo hakuwahi kulitaja mbele za watu. Tulizo aliizima sauti ya fomu. Aliketi mezani akauliza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Karibu, mama. Mwanao ulimwitaje?"

"Masizi."

"Jina zuri. Mwingine?"

"Kifusi."

Kengele ililia mara moja kabla ya mchana, na mwanajeshi mmoja mwenye nyota mabegani akaongozwa na mpokezi kwenda kupigwa vibao vya mgongo na bibi kizee aliyekuwa akimwita Siwatu wangu, Siwatu wangu. Dezidery alisahau bisibisi yake mkononi, akapiga makofi nayo.

Bi Akwilina alikuwa benchi la mbele. Alikuja kila siku, na chakula chake kwenye kikapu. Alimtazama Tulizo akiinua kichwa kila mlango wa nje ulipofunguka, kisha akikiinamisha.

"Na wewe, mwanangu," alisema. "Wewe walikuitaje?"

Tulizo aliinua uso, akayatazama mabenchi.

"Jalala," alisema.

Baadhi ya vichwa viligeuka. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeitika.

"Simama," alisema Bi Akwilina, "useme tena. Wa nyuma hawajasikia."

Tulizo akasimama.