Aliyepiga Fidla Kwenye Redio ya Kvarnfors

Saa tisa alasiri Bwana Ekbom alinituma stesheni ya treni kumpokea mgeni, jua likiwa tayari linazama nyuma ya misonobari. Ndivyo Desemba ilivyo kwetu Kvarnfors. Ukichelewa kula chakula cha mchana, utakila gizani.

"Mlete moja kwa moja," aliniambia. "Asipitie mahali kunywa. Saa kumi na moja tunaanza, na watu nimeshawaahidi fidla."

Redio yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya hoteli, kuta zake zimefunikwa mablanketi ya farasi ili sauti isirudi. Ekbom alikuwa fundi wa simu. Mtambo aliuunda mwenyewe pamoja na wenzake wa klabu ya redio. Mimi, Hedvig Norling, nilikuwa mpiga piano wao. Mgeni wa siku ile aliitwa Brask, mpiga fidla wa milimani. Tulimjua kwa sifa tu, hakuna aliyewahi kumwona.

Nilipitia nyumbani kwanza, maana ni njiani. Mdogo wangu Signe alikuwa kitandani, kama alivyokuwa tangu ugonjwa ulipomnyang'anya nguvu za miguu. Kabla ya hapo hakuna dansi iliyochezwa ghalani bila yeye. Sasa alikuwa msichana mkubwa, na dunia yake ilikuwa dirisha moja linalotazama mto. Tayari alikuwa amevaa visikizi vya redio masikioni.

"Bado hatujaanza," nikamwambia. "Unasikiliza nini?"

"Kimya chenu. Kinanifurahisha kuliko piano yako."

"Haya. Leo kuna fidla."

"Ndiyo maana nimewahi. Nisije nikakosa kiti."

Mama alicheka jikoni. Nami nikacheka, nikafunga skafu yangu, nikatoka.

Stesheni niliambiwa treni imekwama kwenye theluji, haijulikani itafika lini. Nikageuka kurudi, nikiwaza jinsi Ekbom atakavyong'aka. Giza lilikuwa limeshaingia. Nilipofika kwenye daraja la kinu cha maji, pale ambapo maji huenda kasi mno hata baridi haiwezi kuyagandisha, nilimwona mtu amesimama ameegemea ukuta wa daraja.

"Unamtafuta mpiga fidla," alisema.

Hakuuliza. Alisema.

Fidla ilikuwa chini ya kwapa lake, bila sanduku. Hakuvaa kofia. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na baridi ilikuwa ile ya kugandisha pumzi kwenye kope.

"Wewe ndiye Brask?" nikauliza. "Treni si imekwama?"

"Nimekuja kwa njia ya mto."

Nilidhani amekuja kwa sleji ya farasi. Majira ya baridi watu wengi husafiri juu ya barafu. Nilifurahi mno kumpata hata sikutaka kumhoji. Tukaanza kutembea. Upepo ukavuma kutoka upande wake na nikasikia harufu... matope ya bwawa, majani ya majini yanayooza. Harufu ya Julai, katikati ya theluji.

"Nani watasikia?" akauliza.

"Kila mwenye redio. Mji mzima, na mashamba ya ng'ambo."

"Hata asiyeweza kutoka nje?"

"Hasa hao," nikasema, nikimfikiria Signe. "Hata wagonjwa vitandani."

"Basi nitampigia huyo."

Nilitembea hatua kadhaa kabla ya kugundua kwamba mimi sikumtaja mtu. Ndipo niliposikia theluji ikilia chini ya viatu vyangu.

Vyangu tu.

Ekbom alimpokea kwa furaha, akamkalisha mbele ya kipaza sauti, akamwonyesha taa nyekundu. "Ikiwaka, usikohoe," alimwambia. Mtu yule alitabasamu bila kufungua mdomo. Nilijiambia kwamba nimechoka, kwamba watu wa milimani wana tabia zao. Taa ikawaka. Ekbom akawasalimu wasikilizaji, mimi nikapiga wimbo mmoja wa Noeli, kisha nikamwachia mgeni.

Kipande chake cha kwanza kilikuwa cha dansi, cha kawaida, kizuri. Ekbom aliniangalia akainamisha kichwa kwa kuridhika.

Cha pili kilianza chini sana. Kama maji chini ya barafu.

Sijui namna ya kukieleza. Kilikwenda kikizunguka na kila mara kilirudi karibu na mwanzo wake, lakini si palepale, ili sikio lako likitafute tena. Niliona mguu wa Ekbom unapiga sakafu. Niliona na wangu.

Simu ikalia. Ekbom alikuwa ameifunga kengele yake kwa kitambaa ili isisikike hewani. Nikainua mkono wa simu.

"Hedvig..." Ilikuwa sauti ya Mama, akinong'ona. Alikuwa akilia.

"Kuna nini?"

"Amesimama."

"Nani?"

"Signe. Amesimama mwenyewe, mwanangu. Namwona mlangoni hapa. Anacheza."

Kupitia waya nilisikia mbao za sakafu yetu zikigongwa na miguu, kwa mapigo yaleyale niliyokuwa nikiyasikia mle chumbani. Na nilimsikia Signe akicheka, kicheko chake cha ghalani, ambacho nilikuwa nimeshakisahau.

"Mwambie huyo bwana asiache," Mama akanong'ona. "Mungu ambariki. Asiache."

Nilimgeukia mpiga fidla nikiwa na machozi usoni. Nilitaka kumshukuru.

Chini ya kiti chake kulikuwa na maji.

Theluji ya viatuni huyeyuka mara moja ikaisha. Haya yalikuwa yakiongezeka. Yalikuwa yamefika kwenye zulia, meusi, na ile harufu ya bwawa ilikuwa imejaa chumba kizima.

Kwetu kila mtoto wa kando ya mto huonywa juu ya Mwenye Mkondo. Anakaa chini ya kinu na fidla yake. Wimbo wake una sehemu ya mwisho, na anayeisikia hucheza mpaka aingie majini. Kinachoweza kumzuia ni kimoja, kukata nyuzi. Wakubwa hutuambia hayo ili tusichezee ukingoni. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa muziki. Nilikuwa nimeshayaweka mbali mambo hayo pamoja na wanasesere wangu.

"Hedvig." Sauti ya Mama ilikuwa imebadilika. "Hacheki tena."

"Mvue visikizi."

"Nimeshavivua. Ninavyo mkononi. Bado anacheza."

Nikamshika Ekbom bega. "Zima."

"Una wazimu? Hewani?"

"Zima mtambo, Ekbom."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alishusha swichi. Taa nyekundu ikafa. Mshale wa kipimo cha umeme ukaanguka kwenye sifuri.

Mtu yule hakufumbua hata macho. Akaendelea kupiga.

Na kwenye simu, miguu ikaendelea kugonga.

"Anakwenda mlangoni," Mama akasema. "Nimemshika, ananiburuta... Hedvig, miguu yake inatoka damu. Signe, mwanangu, simama. Simama, mama." Nikasikia komeo. Nikasikia mlango. Kisha upepo, na nyuma ya upepo, mto.

"Kata nyuzi," Mama akanong'ona. "Unajua. Kata nyuzi."

Mkono wa simu ukagonga ukuta wa nyumbani kwetu. Alikuwa ameuachia akakimbia.

Kwenye meza ya Ekbom kulikuwa na koleo ya kukatia waya. Nikaichukua. Kutoka mezani hadi kwenye kiti chake ni hatua chache, lakini nilipoinua mguu, haukushuka nilipotaka mimi. Ulishuka pale wimbo ulipotaka. Nilijizungusha. Nilijiona nikijizungusha, sketi yangu ikipepea, na moyoni nilikuwa na raha... raha mbaya, ya kutotaka iishe. Nikaikumbatia piano kwa mkono mmoja. Nikajivuta kando yake kama mtu anayevuka mto kwa kamba.

Wimbo ulikuwa umebadilika. Ulikuwa unapanda. Nikajua ndiyo sehemu ya mwisho.

Nikainama nyuma yake, nikapitisha koleo chini ya upinde, nikabana.

Uzi wa kwanza ulilia kama mtu.

Nikakata wa pili. Wa tatu. Wa nne ulinichapa shavuni, na alama yake ninayo.

Kimya.

Akafumbua macho. Yalikuwa hayana rangi, kama barafu ya kwanza. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alinitazama kwa huruma.

"Nilimpa miguu," alisema taratibu. "Wewe umeichukua."

Akainuka, akaweka fidla kwapani, akatoka. Tulisikia ngazi zikichuruzika maji. Hatukusikia hatua. Ekbom alikwenda kufunga mlango kwa ufunguo.

Mimi nilikimbia.

Niliwakuta juu ya barafu, chini ya kinu. Signe alikuwa ameanguka karibu kabisa na pale barafu inapokatika na maji kuanza, amejikunja kama nguo iliyovuliwa. Mama alikuwa amemfunika kwa mwili wake. Nyuma yao, kwenye theluji, kulikuwa na alama za nyayo tupu, zenye damu, kutoka mlangoni kwetu mpaka pale. Hazikuwa nyayo za mtu anayeyumba. Zilikuwa duara ndani ya duara, safi, nyepesi, kama za mtu aliyecheza maisha yake yote.

Tulimbeba tukampeleka ndani. Alikuwa hai. Mama alimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, akambana kidole gumba cha mguu ajue kama anahisi.

"Unasikia?"

"Hapana," Signe akasema. Alitazama darini. "Nani amemzuia?"

Mama alinigeukia. Alinitazama tu.

Jioni ileile Brask wa kweli alifika hotelini, mnene, mwekundu, akiomba radhi kwa ajili ya treni. Ekbom alimpa konyaki akamwambia matangazo yameahirishwa. Kesho yake aliufungua mtambo, akaukagua siku nzima, kisha akaja kwetu akasimama kizingitini amevua kofia.

"Taa kubwa ya mtambo, ile inayorusha sauti, iliungua," aliniambia chini chini. "Iliungua ukiwa unapiga ule wimbo wako wa Noeli. Baada ya hapo hakuna kilichotoka, Hedvig. Hakuna kilichokwenda hewani."

"Watu wamesikia."

"Nimeuliza. Wamesikia walio kando ya mto. Wengine wote walisikia kimya."

Mzee Lindahl, jirani yetu wa kando ya mto, ambaye hana hata redio, alikutwa ukingoni amevaa soksi bila viatu. Alisema alitoka kutazama kuni.

Hayo yalikuwa Desemba. Sasa ni Machi, na barafu imeanza kulia usiku. Signe hanisemeshi kwa ubaya. Ananisemesha kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgeni. Hasikilizi redio. Analala ameelekeza uso dirishani, na vidole vyake vya mkono vinapiga blanketi, polepole, vikizunguka, vikirudi karibu na mwanzo.

Ninajua anachopiga. Mimi ni mpiga piano. Kitu nilichokisikia mara moja, mikono yangu inacho. Nikikata mkate, vidole vyangu kumi vinakitafuta kwenye ubao. Nimeacha kazi ya redio. Nimewaambia wanafunzi wangu ninaumwa vifundo vya vidole.

Juzi Mama alinifuata jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Amezeeka sana.

"Unaujua," alisema.

"Sijui unasema nini."

"Hedvig. Mimi nilikuzaa." Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaitazama. "Ile sehemu ya mwisho usipige. Ya mwanzo tu. Ukiona anakwenda mlangoni, unaacha. Wewe ni binadamu, utaweza kuacha."

"Na nisipoweza?"

"Nitafunga mlango. Nitakaa mbele yake." Machozi yalimtoka bila sauti. "Mwanangu, nilimwona amesimama. Nilimwona akicheka. Wewe hukuwepo."

Leo mchana walikuja wanaume wawili kutoka hotelini, wakaihamisha piano yangu kutoka sebuleni wakaiweka chumbani kwa Signe. Mama aliwaagiza bila kuniambia. Nimemkuta Signe amekalishwa kitandani, nywele zimechanwa, amevaa gauni lake la dansi. Limempwaya.

"Ukichoka utaacha tu, dada," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba alinitabasamia.

Mama amefunga mlango. Ameweka kiti mbele yake, amekaa.

Nje, mto umeanza kupasuka. Nimeketi. Nimeweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia.

Nikitazama chini, naiona mikono yangu tayari iko juu ya vibonye vya piano.