Mguu wa Sanatu na Mikono ya Shangazi Azara

Nyumbani kwetu Tamale, kaskazini mwa Ghana, asubuhi ilianza na vilio vya watoto wachanga. Shangazi Azara, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyewaogesha. Mtaa mzima ulimletea watoto. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akamkanda mtoto mgongo na miguu, kisha akampaka mafuta ya shea mpaka akang'aa. Mimi nilichochea moto, kwa hiyo niliona kila kitu.

Dada yangu Sanatu alikuwa na kazi nyingine. Yeye alikimbia.

Kila alfajiri alikuwa uwanjani, kwenye njia iliyochorwa kwa majivu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuna msichana wa mji wetu aliyewahi kuvaa fulana ya taifa. Wanawake kisimani walimtania.

"Sanatu, mwanamume wa kukuoa itabidi awe na baiskeli!"

"Awe nayo," alijibu dada. "Na bado nitafika nyumbani kabla yake."

Mwaka uliotangulia aliumia msuli wa nyuma ya paja. Shangazi alimkanda siku ile ile, kwa maji ya moto na kwa nguvu zake zote. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba na kuwa mweusi. Dada alikaa miezi minne bila kukimbia, na mchujo wa timu ya taifa ukampita. Sote tulisema ni bahati mbaya.

Sasa mchujo mwingine ulikuwa umebaki wiki saba. Ungefanyika Accra. Kocha wake alisema wazi, "Sanatu, hii ikikupita, michezo mikubwa inayofuata ni baada ya miaka minne."

Jumanne moja nilimpelekea uji uwanjani. Alikuwa anakimbia yadi mia. Katikati ya njia alishika paja na kusimama ghafla, kama mtu aliyepigwa jiwe.

Tulirudi nyumbani akiniegemea, anarukaruka kwa mguu mmoja. Shangazi alituona mlangoni.

"Paja tena? Zenabu, weka maji jikoni! Yachemke!"

Sanatu alinitazama. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kukataa mikono ya shangazi.

Niliinjika maji. Lakini nilikuwa nakumbuka mguu wa mwaka uliotangulia. Kabla ya kukandwa ulivimba kidogo tu. Baada ya kukandwa ndipo ulipokuwa mweusi. Niliacha moto nikakimbia kwa jirani yetu, Nesi Kande. Nilimkuta anaanika sare zake.

"Dada ameumia paja, na shangazi anataka kumkanda."

"Ameumia lini?"

"Sasa hivi."

Aliacha sare ndani ya beseni.

Alipofika kwetu, hakuanza na mguu. Alichutama mbele ya shangazi, kama tufanyavyo kwa wakubwa, akaanza kumsalimu. Umeamkaje? Watu wa nyumbani hawajambo? Uchovu wa jana umeisha? Maji yalikuwa yameanza kutokota.

"Kande, salamu zako leo ni ndefu," alisema shangazi. "Unataka nini?"

"Nimekuja kukuomba, mama. Usimkande leo."

"Nisimkande? Miguu hii niliinyoosha mimi! Wewe mwenyewe nilikuogesha. Ulikuwa unalia kama mbuzi."

"Na leo nitalia tena, mama, ukiugusa mguu huo kwa maji ya moto."

Shangazi alitaka kucheka, akajizuia. "Haya. Sema."

"Mtoto unayemwogesha hana jeraha. Huyu ana jeraha, ila halionekani. Msuli umechanika ndani, kama kitambaa kilichoraruka. Damu inavuja chini ya ngozi. Maji ya moto yanaizidisha ile damu. Ukikanda kwa nguvu, unauongeza mraruko."

Shangazi aliitazama mikono yake. Ilikuwa imeshapakwa mafuta.

"Kwa hiyo mwaka jana..."

Sanatu aliinamisha kichwa.

Shangazi aliifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Basi mimi nikae tu, kama mgeni?"

"Utakaaje!" alisema Nesi Kande. "Nani atamzuia huyu asikimbie? Nahitaji mikono yako, mama. Zenabu, leta maji ya mtungini, yale ya baridi kabisa."

Alituonyesha. Kitambaa kilicholowa maji ya baridi kiwekwe pajani kwa dakika kumi na tano, kisha kiondolewe, kirudishwe tena baada ya saa mbili. Kama ni barafu, ifungwe ndani ya kitambaa, isiguse ngozi. Paja lifungwe bendeji, lakini vidole vya mguu vikipoa au kufa ganzi, ilegezwe. Mguu uinuliwe juu ya mto.

"Siku tatu za kwanza hakuna moto wala kukanda," alisema. "Na kama hawezi kabisa kukanyaga, au uvimbe unazidi, mleteni hospitali msisubiri."

Siku ya nne dada alitembea ua mzima. Siku ya sita alivaa viatu vyake vya kukimbilia. Shangazi alisimama mlangoni na mwiko wa ugali.

"Unakwenda wapi?"

"Kujaribu tu, shangazi."

"Jaribu. Nitakukimbiza, na leo nitakukamata, maana wewe ni kiwete."

Sanatu alivua viatu.

Wiki ya pili alitembea haraka. Wiki ya tatu alikimbia taratibu, bila maumivu. Kukimbia kwa kasi kulianza wiki ya tano, na kila siku Nesi Kande alimkagua paja kabla hajaenda kazini.

Wiki ya saba Sanatu alipanda lori kwenda Accra. Siku nne baadaye ikaja simu ya maandishi kutoka posta. Mimi ndiye niliyemaliza darasa la sita, kwa hiyo niliisoma mbele ya watu wote: WA PILI. NIMECHAGULIWA.

"Wa pili?" alisema shangazi. "Wa kwanza ni nani huyo?" Kisha akakaa chini, akalia.

Sanatu alikimbia kwa ajili ya taifa miaka minane. Safari ya kwanza ng'ambo hakupata kitu. Ya pili alirudi na medali ya shaba. Aliumia mara nyingine mbili, na mara zote mbili alipona. Leo anafundisha wasichana thelathini, na kocha wa wavulana huja kumwuliza mambo.

Juma lililopita muuza nyama alikuja kwetu akichechemea. Alikuwa ameteleza sokoni.

"Mama Azara, nikande mguu."

"Umeteleza lini?"

"Sasa hivi tu."

"Sikukandi," alisema shangazi, na kumvutia kiti. "Kaa. Inua mguu huo. Na usinibishie. Mimi nimewahi kukosea."