Tundu la Bafuni

Nyumba ilikuwa safi mno. Hilo ndilo jambo la kwanza Denise aliloliona waliporudi kutoka Lubumbashi, na badala ya kuogopa, akafurahi. Mlango haukufunguliwa tangu Mei mpaka Agosti, bakuli la sukari lilisahauliwa mezani bila kifuniko, na hakukuwa na sisimizi hata mmoja. Hakukuwa na mende kabatini, wala utando wa buibui darini, wala nzi mkavu dirishani. Ukiwaambia watu wa Turffontein, hapa Johannesburg, kwamba mtaani kwao kuna nyumba ya kupanga isiyo na mdudu, watakuuliza umekunywa nini. Denise alichovya kidole kwenye sukari, akalamba, akamwita mumewe.

"Papa Shekinah, njoo uone. Nilikuambia."

Gustave alisimama mlangoni na sanduku mkononi, akanusa. "Iko na harufu ya nywele," akasema. "Nywele ya kuungua."

Denise ni msusi, saluni yake iko Rosettenville, na harufu hiyo anaishi nayo. Akamwambia mumewe ni nguo zake za kazi, aache kutafuta kasoro. Akafungua madirisha.

Lazima nikueleze kuhusu Denise na mende, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Aliwachukia kwa chuki ya mtu aliyeaibishwa. Mwaka uliopita akina mama wa maombi walikusanyika kwake, na wakati Maman Victoire, mke wa mchungaji, ananyoosha mkono kuchukua keki, mende mmoja mnene akatoka chini ya keki hiyo na kuivuka sahani bila haraka, kama mwenye nyumba. Maman Victoire aliurudisha mkono mapajani na kuomba maji. Wengine tungecheka baada ya wiki, lakini Denise hakucheka. Tangu siku ile akawa na vita.

Kwa hiyo mama yake Gustave alipougua na ikabidi waende Kongo kwa miezi, kilichomnyima Denise usingizi hakikuwa nauli wala visa. Ilikuwa ni kuwaachia mende nyumba. Akamwita Libère, Mrundi anayepuliza dawa majumbani. Libère aliwahi kufanya kazi Upington, kule jangwani, ambako watu hufunga nyumba msimu mzima na kurudi wakaikuta kama walivyoiacha.

"Dawa siyo kitu, dada," Libère alimwambia, akiwa amepiga magoti kando ya bafu. "Chini ya hili tundu bomba limejikunja, na pale penye kona maji yanakaa. Hayo maji ndiyo mlango. Ukiondoka miezi na hewa ni kavu, maji yanakauka, mlango uko wazi, na kila kilicho chini kinapanda. Basi unajaza maji, juu unamwaga mafuta kidogo ya kupikia yasikauke, unafunika na plastiki, unabandika tepu. Sharp, unaenda zako."

Angefanya hivyo tu, nisingekuwa na hadithi. Lakini Denise hakutaka kuwafungia mende nje, alitaka kuwaadhibu. Jioni ya kuamkia safari alichemsha birika, akaenda bafuni na kuyamwaga maji yote tunduni, yakitoa mvuke. Kutoka chini kukasikika sauti, nyembamba, kama ya watoto wa paka. Alisimama na birika mkononi na akasikiliza, alisikia vizuri. Kisha akaikumbuka ile sahani, akarudi jikoni na kuchemsha birika la pili.

Mafuta ya kupikia yalikuwa yamekwisha. Kabatini kulikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni ambayo Mchungaji Hénock aliyaombea na kuyapaka upako, yale wanayopaka kwenye fremu za milango pasipite kitu kibaya. Denise akayamimina yote tunduni. "Kwa jina la Yesu, hapa hakuna kitakachopita," akasema, akabandika tepu, na kesho yake akapanda ndege na moyo mweupe.

Sasa amerudi. Alipobandua ile tepu ya bafuni aliyakuta mafuta yameganda, meupe na magumu. Maji hayapiti, kijiti hakiingii. Baridi ya Joburg hugandisha mafuta ya zeituni, hilo linajulikana, lakini siku zikapata joto na yale yakabaki vilevile. Libère alikuwa na kazi nje ya mji, hivyo wakawa wanaogea kwenye beseni huku wakimsubiri.

Siku ya tatu, mchana, Denise alimkuta binti yake amelala ndani ya bafu kavu na sare ya shule, sikio limegandamizwa kwenye tundu. Shekinah ana miaka sita. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, na akicheza na wenzake ni Kizulu kitupu.

"Kuna mtoto analia," alisema kwa Kiingereza chake. "Anasema ni moto. Mama, mfungulie."

"Toka humo."

"Mama, please."

Denise alimvuta mkono. Sikio lililokuwa tunduni lilikuwa jekundu, na kesho yake likatoka lengelenge.

Jumapili asubuhi walikuwa mezani, birika limeanza kuimba jikoni, Gustave anapaka siagi mkate. Shekinah aliinua uso akasema, kwa Kiswahili, na siyo Kiswahili cha Lubumbashi wala cha saluni bali kile laini cha watu wa pwani, "Maji hayo unamchemshia nani leo?"

Kisu cha Gustave kikasimama juu ya mkate. "Nani amekufundisha kusema hivyo?" akanong'ona.

Mtoto alikuwa anamtazama mama yake, na birika lilipofika kilele cha kuchemka, pale pale mezani, mbele ya macho ya wazazi wote wawili, ngozi ya mkono wake ikaanza kuwa nyekundu na kuvimba na kujaa maji, kuanzia vidoleni ikipanda kuelekea kiwiko, kana kwamba kuna mtu anammwagia taratibu, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba mpaka Gustave akakimbia kuzima jiko na kulitupa birika uani. Shekinah hakulia hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Denise kuliko malengelenge.

Hospitali walifunga bandeji, kisha wakauliza maswali. Nani amemchoma mtoto? Saa ngapi, na maji gani? Daktari aliandika huku nesi akimtazama Denise kwa jicho ambalo hakuna mama anayetaka kutazamwa nalo, na wakaambiwa mtu wa ustawi wa jamii atafika nyumbani baada ya siku nane, Jumatatu. Wakaacha kuchemsha maji. Wakala mikate na maziwa baridi. Haikusaidia, kwa sababu jirani naye ana birika, na kila lilipochemka ng'ambo ya ukuta, doa jipya lilitokea kwa mtoto, mara mgongoni, mara shingoni, likipanda kuelekea uso.

Mchungaji Hénock alikuja, akaomba kwa sauti mpaka jasho likamtoka, akaamuru, "Toka." Shekinah alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa upole, "Nitoke wapi, na wewe ndiye uliyeziba?"

Mchungaji aliinuka. Akaenda bafuni, akachungulia tunduni, akatoka na rangi imemhama. Barazani alimshika Gustave bega. "Papa, ile mafuta ni yangu. Mkono wangu ndiyo iko juu ya ule mlango. Tafuteni mtu mwenye kujua lugha ya hao, na haraka. Mi niko naogopa, sikufichi."

Libère aliporudi, ndiye aliyewaletea Mzee Ameir, Mpemba anayeuza makava ya simu Marshalltown, na ambaye watu humfuata kwa kusomewa. Alifika Jumamosi mchana, mtu wa ustawi wa jamii akisubiriwa keshokutwa, na mtoto hana tena nafasi nzima mwilini isipokuwa uso. Ameir alikaa kwenye ukingo wa bafu, akanusa, akamgeukia Denise.

"Ulimwaga maji ya moto humu?"

"Ndiyo, papa."

"Ulisema nini kabla ya kumwaga?"

"Sikusema kitu. Ilikuwa mende."

Ameir alishusha pumzi. "Kwetu hata mtoto mdogo hamwagi maji ya moto tunduni asipopiga bismillahi. Unawapa majini wenyewe nafasi wasogee. Basi. Mlete mwanao."

Walimkalisha Shekinah mkekani, mlangoni mwa bafu. Ameir alisoma kwa sauti ya chini, sura baada ya sura, na hewa ya chumba ikawa nzito na yenye unyevu, vigae vikatoa jasho, kioo kikafunikwa na mvuke ingawa katika nyumba nzima hapakuwa na tone la maji ya moto, na Denise alipotaka kufumba macho akagundua kwamba hawezi, kwa sababu binti yake alikuwa amemkazia yake, makavu, ya mtu mzima aliyekesha kwa muda mrefu sana.

"Sema unachotaka," Ameir alisema.

"Nilikwenda kutafuta chakula," mtoto alijibu. Sauti ilikuwa ya mwanamke, haikuwa na hasira hata kidogo. "Niliwaacha wanangu wawili wamelala. Niliporudi, mlango una moto, na juu ya moto una jina. Sikuweza kuugusa. Mkubwa alikufa usiku ule. Mdogo aliungua nusu. Miezi yote nilikaa hapa juu nikimsikia, naye akinisikia."

Gustave alikuwa ameanza kulia.

"Mlipofungua mlango wa nyumba bado alikuwa hai," sauti iliendelea. "Mtoto wako alimsikia. Akakuambia, mfungulie. Alinyamaza siku iliyofuata."

Denise akasogea karibu na mkeka.

"Uliwasikia tangu birika la kwanza," sauti ikamwambia. "Ukaenda kuleta la pili. Wangu walikuwa wawili. Wewe una mmoja. Nitamchukua huyu, kisha nitakaa nimngoje wa pili."

Ameir alimwinamia Denise, akanong'ona, "Usimjibu. Usimwahidi kitu. Huyu ana haki yake, tutambembeleza polepole, niachie mimi."

Huo ulikuwa ushauri mzuri. Lakini bandeji ya shingoni ilikuwa imeanza kulowa, na wekundu ulikuwa umefika kidevuni mwa Shekinah, na Denise, ambaye alikuwa ni mtu wa kushinda, akaona njia ya kushinda. Baada ya kumzaa Shekinah madaktari walimwambia mirija yake yote miwili imeziba, hatazaa tena. Miaka sita alilia kwa ajili hiyo. Sasa, kwa mara ya kwanza, akaiona ni silaha.

"Mwache huyu," akasema. "Chukua wawili nitakaozaa."

"Denise," Gustave akasema.

Mtoto aliinamisha kichwa upande mmoja, akifikiri. Kisha akatabasamu. "Nimekubali," ikasema ile sauti.

Chini ya bafu kitu kilipasuka. Mafuta yaliyoganda yakavunjika vipande, bomba likapiga miguno mirefu, na harufu ya nywele ikapita katikati yao, ikashuka tunduni na kuondoka. Shekinah alianguka ubavu, akaanza kulia kwa maumivu, kilio cha mtoto wa miaka sita, akimwita mama yake kwa Kiingereza. Wekundu wa kidevuni ulikuwa umefifia. Denise alimkumbatia, na sitamsingizia nikisema kwamba ndani ya machozi yake mlikuwa na furaha ya mtu aliyemzidi mwenzake akili.

Ameir alikunja mkeka. Gustave alimkaribisha soda, akakataa. Kwenye lango akamuuliza Denise, "Wewe unazaa?"

"Hapana, papa," Denise akajibu kwa sauti ya chini. "Madaktari walisema mirija imeziba."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Hata hilo tundu lilikuwa limeziba," akasema, akaenda zake kutafuta teksi.

Mtu wa ustawi wa jamii alikuja, akakuta vidonda vinapona na mtoto anacheza, akaandika yake na kuondoka. Septemba mvua za kwanza ziliponyesha, mende wakarudi jikoni, na Denise akawapisha. Desemba, akiwa saluni anachoma ncha za rasta za mteja, harufu ya nywele ikampanda kooni akakimbilia nje kutapika. Alijiambia ni samaki wa jana. Alijiambia hivyo mpaka Februari.

Kliniki, Gustave alikaa pembeni ya kitanda ameshika kofia. Nesi alipaka jeli, akazungusha kile kifaa, akakaza macho kwenye skrini, kisha akaigeuza waione.

"Hongera," akasema. "Ni wawili."

Gustave alipiga magoti pale pale. Alicheka na kulia kwa pamoja, akaimba mstari wa pambio, akatoa simu ampigie Mchungaji Hénock amwambie Mungu amefungua kilichofungwa. Yale ya bafuni alikwisha kuamua kuyasahau, au labda hakuwahi kuyafikisha mpaka mwisho. Simu ikiita, alikuwa anapanga kwa sauti: akiwa wa kike atachukua jina la marehemu mama yake waliyemzika Lubumbashi, wa kiume atakuwa Elisée.

"Samahani kwa baridi ya jeli, mama," nesi akasema, akimfuta.

Denise hakuisikia baridi yoyote. Tumbo lilikuwa lina moto, kwa ndani, moto wa polepole. Alinyoosha mkono, akaishusha simu ya mumewe kutoka sikioni.

"Papa Shekinah," akasema, "usiwape majina."