Kadi Niliyomwandikia Tadei

Kila Jumamosi nyumbani kwetu Kizwite siku huanza na uji wa ulezi. Mama anaukoroga huku sweta analolifuma limening'inia begani, maana mama yangu, Silvana, hufuma masweta ya wanafunzi, na kwa baridi ya Sumbawanga kazi hiyo haimwishii. Mimi nafagia uwanja, nachota maji, nakunywa uji wangu, kisha nakwenda shuleni kwenye klabu ya redio. Jumamosi ninayotaka kuwasimulia, uji haukushuka. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni.

"Avelina, bado unamuwaza yule mtoto?" mama aliniuliza.

"Simuwazi, mama."

"Unamuwaza. Hasira hasara, mwanangu. Mwambie mwalimu wako, yaishe."

Tatizo lilikuwa hilohilo, mimi sikutaka yaishe. Nilitaka Tadei aumbuke mbele za watu kama alivyoniumbua mimi, na nilikuwa nimeshapanga namna yake.

Tadei nilikuwa naye darasa la sita, na wote wawili tulikuwa kwenye klabu ya Mwalimu Eustaki, anayetufundisha sayansi. Mwalimu ana leseni ya kurusha mawimbi, nasi wanafunzi tunarusha yeye akiwa amekaa kando yetu. Wengi wanaotumia redio za mawimbi mafupi huzungumza tu. Sisi tulikuwa tunajaribu kuyabebesha mawimbi hayo picha ya televisheni. Kamera ndogo inachukua picha, kompyuta inaigeuza kuwa tarakimu, redio inairusha juu, na tabaka la anga lililopigwa jua linairudisha chini katika nchi ya mbali. Picha ya namna hiyo ikifika, inafika safi. Ikishindwa njiani, inakatika vipande vya miraba na kuganda.

Mtu wetu wa mbali alikuwa Mzee Duarte wa Ureno, mwenye miaka sabini na tisa. Mwaka mzima tulisikia sauti yake naye akasikia yetu, lakini picha yetu haikuwahi kumfikia ikiwa nzima. Na sasa muda ulikuwa unatuishia. Mvua zilikuwa karibu, mahindi ya chakula cha mchana yalikuwa yamerundikwa kwenye varanda, na kamati ya shule ilikitaka chumba chetu kiwe stoo. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Abeli, alisema bila kuzunguka: Jumamosi picha ikifika Ureno, redio inabaki. Isipofika, Jumatatu magunia yanaingia.

Jumatano yake alikuja kukagua. Nje ya chumba alisimama akaitazama antena yetu, waya wenye mikono miwili, kila mkono mita mbili na nusu, juu ya mlingoti wa mkaratusi unaoteremshwa kwa kamba. Waya ule niliukata mimi. Niliupima mara saba, nikaufunga kwenye vikombe vyake vya kauri vya kuzuia umeme kwa mikono yangu, alasiri mbili nzima, Mwalimu hayupo, upepo ukinichapa usoni. Tadei alikuja siku ya pili, akakaa juu ya tofali, akala muwa.

"Nani kati yenu amefanya kazi hii?" Mzee Abeli aliuliza. Mwalimu alikuwa ofisini wakati huo.

"Mimi, shikamoo," alisema Tadei.

Hata haya hakuwa nayo. Nikasema, "Mzee, ni mimi niliyeufunga." Tadei akacheka, akasema, "Huyu alikuwa ananipa koleo tu." Darasa zima, lililokuwa limetuzunguka, likacheka naye. Mzee Abeli akampa mkono, akasema Jumamosi kijana huyo ndiye akae kwenye kiti cha mrushaji. Toka siku hiyo nikawa naitwa Koleo. Koleo njoo, Koleo nenda. Jioni nililia chooni, na nilipomaliza kulia nikaapa kwamba Tadei atanilipa.

Kwa nini sikumwambia Mwalimu? Nilijua Mwalimu angemwita Tadei pembeni, angemkanya kwa upole, na mchezo ungeishia hapo. Upole sikuutaka.

Sasa sikilizeni jinsi kazi yetu inavyokwenda, ndipo mtakapouelewa ubaya wangu. Anayedai picha yake imefika ni lazima athibitishe. Kwa hiyo upande unaorusha huchagua namba ya tarakimu nne na kuiandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari la mawasiliano. Namba hiyohiyo inaandikwa kwenye kadi na kuonyeshwa kwenye kamera. Ni mwiko kuitamka kwa sauti. Anayepokea ndiye aisome kutoka kwenye picha, kisha aitaje. Ikilingana na ya kwenye daftari, mawasiliano yamehesabiwa. Ikitofautiana hata tarakimu moja, hakuna kitu.

Mwandishi wa daftari na kadi alikuwa nani? Mimi, Koleo. Alhamisi niliandika kwenye daftari 4816, Mwalimu akatia saini, akafunika ukurasa. Yeye namba huwa haishiki kichwani, kwa makusudi, asije akateleza ulimi. Ijumaa nikaandika kadi kwa kalamu nene: 4876. Kistari kidogo tu juu ya moja, ikawa saba.

Chumba sikukisahau. Nilijidanganya kwamba Mzee Abeli angetupa siku nyingine, na siku hiyo kwenye kiti ningekaa mimi.

Jumamosi, saa tisa alasiri, chumba kilikuwa kimejaa. Wazazi walisimama mlangoni, Mzee Abeli alipewa kiti cha mbele. Tadei alikuwa amevaa shati la Jumapili. Aliishika kadi kifuani, tarakimu zikiitazama kamera, kwa hiyo si yeye wala watu waliokuwa nyuma yake walioziona. Mwalimu macho yake yote yalikuwa kwenye mshale wa nguvu za redio. Mimi nilikaa nyuma na daftari langu, nimetulia kabisa.

Tulirusha dakika tatu. Kisha Mwalimu akafungua sauti, na Mzee Duarte akaja akiwa na furaha ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeielewa. Alizungumza Kiingereza polepole, Mwalimu akawa anatafsiri.

"Anasema amewaona. Anamwona mvulana mwenye shati jeupe. Picha imesimama safi, haikuganda. Anasema namba ni nne, nane, saba, sita."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akaninyooshea mkono, nikampa daftari. Akafunua ukurasa. Makofi yakafifia yenyewe, maana uso wake ulibadilika.

"Siyo," alisema taratibu. "Sisi tuna nne, nane, moja, sita."

"Maana yake nini?" aliuliza Mzee Abeli.

"Kwa kanuni zetu, haihesabiki."

"Basi picha haikufika. Jumatatu mahindi yaingie." Akamgeukia Tadei. "Na wewe fundi, nilidhani unaijua kazi yako."

Tadei akaanza kutokwa na machozi mbele ya baba yake, mbele ya darasa, shati lake la Jumapili likilowa, kadi ameibana kwapani na hakuna aliyekumbuka kuitazama. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilimtazama nikasema moyoni, lia, na bado. Nilitamani dakika ile irefuke.

Mwalimu akamjulisha Mzee Duarte kwamba namba haikulingana. Sauti yake ikarudi, ndogo, na Mwalimu akaitafsiri akiwa ameinamisha kichwa.

"Anasema tumsamehe. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi wa saba, akadhani amepona. Anasema ile saba aliiona waziwazi, na kama macho yake yanaona kitu ambacho hakipo, basi hafai tena kazi hii. Anasema hataki kuwaharibia watoto mara ya pili. Leo atafunga mitambo yake, kesho ampe jirani."

Mimi mzee yule hajawahi kunikosea. Mwezi wa tano nilipougua malaria, aliniulizia redioni kila Jumamosi mpaka nilipopona. Macho yake yalikuwa mazima, yalisoma kilekile nilichoandika, na sasa alikuwa anaomba radhi kwa dhambi yangu. Furaha yangu yote iliniishia.

"Mwalimu," nilisema, "asifunge. Kadi ina saba. Niliandika mimi, makusudi."

Chumba kizima kikanigeukia. Mwalimu akaichukua kadi kutoka kwa Tadei, akaitazama, akaitazama tena. Hakunifokea. Alinisogezea kipaza sauti.

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye, kabla hajazima."

Kiingereza changu ni cha darasa la sita, lakini siku ile kilitosha. Nilimwambia kwamba macho yake ni mazuri, kwamba namba ilikuwa saba, na kwamba nilibadilisha kadi kwa sababu nilikuwa na hasira na mwenzangu. Nikamwomba msamaha. Mzee akasema jambo moja tu, na Mwalimu akalitafsiri.

"Anauliza kama leo jua bado lipo huko kwenu."

Maana yake alikuwa tayari kujaribu tena. Jua lilikuwepo, ila lilikuwa limeshuka. Mwalimu akanipa kalamu nipige mstari mmoja juu ya mawasiliano yale na kuandika jina langu pembeni, maana daftari la redio halifutwi. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, namba ya pili chagua mwenyewe. Iandike mwenyewe kwenye daftari na kwenye kadi. Sitaki mkono wa mwanafunzi uiguse." Mzee Abeli alisita, akachukua kalamu, akaandika amewapa watu mgongo, akaiweka kadi mbele ya kamera kwa mkono wake.

Tukarusha. Mshale wa redio ukakataa kupanda. Mwalimu akachungulia dirishani, akaona upepo umelegeza mkono mmoja wa waya, unaning'inia.

"Tadei, teremsha mlingoti ukaufunge upya. Haraka, jua linatuacha."

Tadei akasimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

"Sijui ulivyofungwa," alisema. "Aliyeufunga ni Avelina. Mimi sikushika hata koleo."

Baba yake akamwangalia kwa namna ambayo siku nyingine ingenipa raha. Siku ile haikunipa. Nilitoka nje, nikafungua kamba, mlingoti ukashuka, nikaukaza waya vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Tadei alikuja kuvuta kamba.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro tuliporusha tena. Mzee Duarte alisema anaona miraba tu. Mwalimu akapunguza ukubwa wa picha, tukarusha. Mzee akataja tarakimu tatu, ya nne akasema imeganda na kwamba hawezi kubahatisha. Mzee Abeli alisimama kutoka kwenye kiti chake. Tukarusha mara ya tatu. Kisha sauti ikaja: mbili, sifuri, tisa, tano.

Mzee Abeli hakusubiri tafsiri. Alikuwa anaiangalia namba aliyoiandika mwenyewe kwenye daftari.

"Ndiyo yangu," alisema. "Hakuna mtu aliyeiona." Akakuna kidevu. "Redio inabaki. Lakini mahindi nayo hayawezi kunyeshewa. Nusu ya chumba magunia, nusu redio, na yeyote atakayelalamika kuhusu panya aje kwangu."

Watu walipoondoka, Mwalimu Eustaki alitubakiza mimi na Tadei. Tadei aliamriwa kusema ukweli wake mstarini Jumatatu. Mimi nilizuiwa kugusa redio mpaka shule ifungwe mwezi wa kumi na mbili, na kazi yangu iwe kuyapanga magunia yale. Niliona ni haki.

"Mwalimu," niliuliza, "kama Mzee Duarte angezima kabla sijasema?"

"Angetoa mitambo yake, na angekufa akiamini macho yake yamemdanganya. Tusingempata tena." Akafunga daftari. "Tadei alikudhulumu, Avelina, sitasema hakukudhulumu. Lakini wewe ulirusha jiwe kwenye kundi la watu ukidhani litamchagua mmoja. Limempata mzee asiyejua hata sura yako, limewapata wenzako, na bado kidogo lingenipata mimi. Ukionewa, njoo useme, hata ukiitwa mwenye wivu. Haki inadaiwa mchana, mbele ya watu. Ukianza kuidai kwa kificho, unakuwa mwongo kama yule unayemdai, na hakuna atakayewatofautisha."

Tadei alininyooshea mkono, akasema, "Nisamehe." Nilimwambia asubiri, kwa sababu hasira yangu ilikuwa haijaisha na sikutaka kusema uongo mwingine siku hiyohiyo. Alisubiri mpaka Alhamisi. Siku hiyo alikuja stoo bila kuitwa, akanyanyua upande mmoja wa gunia lililonishinda, nami nikampa mkono.