Mtu wa Kuarifiwa

Sitii chumvi, wala sina haja ya kuaminiwa. Haya yalimtokea mama yangu mzazi, sebuleni kwetu, mchana kweupe, televisheni ikiwa imewashwa. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, mapema.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Mimi ni fundi cherehani, na siku hiyo nilikuwa napiga pasi sare thelathini za shule ambazo mwalimu mkuu alizitaka Jumatatu. Mama alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anakunja nilizomaliza. Binti yangu, wakati huo hajatimiza mwaka, alikuwa amelala kitandani chumba cha pili. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Nyumbani huja kama mgeni, hata vikombe huonyeshwa vilipo.

Kwenye televisheni mdogo wangu alikuwa anacheza mpira. Beki wa kati. Mashabiki walimwita Nguzo, na sisi nyumbani tukamwita hivyohivyo kumtania, maana utotoni alikuwa akianguka hata kwenye sakafu tupu.

Timu yake zamani ilikuwa kichekesho. Ilinusurika kushuka daraja misimu miwili mfululizo, tena kwa huruma za wengine. Kisha akaja kocha mmoja mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti, wakamwita Profesa. Basi mambo yakageuka. Ubingwa mara nne mfululizo. Mechi sitini na moja bila kufungwa. Watu wakasahau jina la timu, wakaiita Mashine. Wachambuzi redioni walipasuka vichwa wakitafuta siri, na siri ilikuwa mbele ya macho yao: wachezaji wa Mashine hawaumii. Walikuwa walewale kumi na mmoja, wiki nenda wiki rudi, wazima kama walivyozaliwa. Daktari wa timu alinenepa kwa kukosa kazi. Kutwa alicheza drafti na dereva wa basi.

Mdogo wangu ndiye aliyetusimulia siku ya kwanza ya Profesa. Hakuwakimbiza, hakuwapa mpira. Aliwagawia fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, mguu unaoutumia, na chini kabisa mstari mmoja: mtu wa kuarifiwa mchezaji akiumia. Mwenzao mmoja aliandika jina la baba mwenye nyumba wake. Profesa akamrudishia.

"Andika mtu unayempenda kweli," alimwambia. "Huyu hatakufaa."

Tulicheka sana. Mama akauliza, "Na wewe umemwandika nani?"

"Kwani nina mwingine, mama?"

Mama alitembea na furaha ile wiki nzima.

Turudi kwenye Jumamosi yangu. Dakika ya thelathini na tatu, mshambuliaji mmoja alimkanyaga mdogo wangu ugokoni kwa njumu, tena makusudi. Vipaza sauti vya uwanjani vilinasa ule mlio. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mdogo wangu alikuwa ameshasimama, anajipangusa nyasi kama mtu aliyejikwaa tu.

Nyuma yangu mama akasema, "Aa."

Hakupiga kelele. Shati lilikuwa limemdondoka na mikono yake miwili ilikuwa imeshika mguu. Nikainua gauni lake kidogo. Ugokoni ngozi ilikuwa imechanika, na pembeni yake kulikuwa na matundu sita madogo ya duara, yamejipanga safu mbili.

"Nimejigonga," alisema.

Alikuwa hajanyanyuka kwenye kile kiti tangu saa saba.

Ni kweli kwamba kwa miaka ile minne mama alikuwa mtu wa michubuko. Leo bega, kesho kiuno. Tulisema ni uzee. Yeye mwenyewe alisema ni uzee, na mimi nilikuwa na sare za watu, sikuuliza zaidi. Lakini mguu ule ulivimba mpaka Jumatatu, nikampeleka hospitali.

Daktari alitazama picha za mifupa, kisha akanitazama mimi.

"Mbavu mbili zimewahi kuvunjika, zikaunga zenyewe. Kidole hiki pia. Bega lilishateguka. Anaishi na nani huyu mama?"

"Na mimi."

"Nyie wawili tu?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Aliniambia nitoke amhoji mama faragha, na muuguzi akasimama mlangoni, ananitazama kama mwizi. Nilitaka kumtukana. Badala yake nilienda kukaa kwenye benchi la korido.

Hapo ndipo nilipowaona.

Mke wa kipa, vidole vitatu vimefungwa kibao. Baba yake nahodha, shingo ndani ya kola ngumu. Bibi kizee aliyemlea winga wa kushoto, mguu juu ya kigoda, kifundo kimevimba. Wote nilikuwa nawajua kutoka jukwaa la familia. Tulizoea kupeana biskuti na kushangilia pamoja. Hakuna aliyesalimia.

Mke wa kipa alisogea, akanong'ona sikioni mwangu.

"Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Dakika ya ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Mimi sabini," alisema. "Ile penalti aliyoipangua."

Mdogo wangu alikuja jioni hiyohiyo nilipompigia simu. Nilimweleza kila kitu, nikamtazama usoni, nikaona hashangai vya kutosha.

"Sisikii maumivu, dada," alisema taratibu. "Miaka minne. Mtu akinigonga ni kama nimegongwa na mto. Nilijiambia ni mazoezi."

Kesho yake tulikwenda klabuni wote wawili. Ofisi ya Profesa ilikuwa na meza, kabati la chuma na kalenda. Hakukana. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakukana.

"Futa jina la mama," mdogo wangu alisema.

"Sifuti. Nabadilisha. Nipe jina lingine."

"Niandike mimi mwenyewe."

"Mtu haarifiwi kuumia kwake mwenyewe." Alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto hesabu.

"Na nikiacha mpira?"

"Acha. Nani amekushika?"

Akanyanyuka, akatufungulia mlango. Nje wenzake walikuwa wanapasha misuli. Fainali ya kombe la bara ilikuwa imebaki siku nne. Mdogo wangu alisimama pale mlangoni, akatazama nyasi. Nilijua atasema nini kabla hajasema.

"Mechi moja tu, dada. Sitaingia kwenye mpira wa kugombania hata mmoja. Nitacheza kwa macho. Halafu basi, naacha."

Nilipaswa kumshika shati nimburute mpaka nyumbani. Sikumshika. Niseme ukweli wangu wote: na mimi niliitaka fainali ile.

Nilipomwambia mama, hakuacha hata kukunja nguo.

"Najua," alisema. "Tangu msimu wa kwanza. Yeye akigongwa, mimi napokea. Kwani nilikuwa nafanya kazi gani nyingine tangu nimzae?"

"Mama, utakufa."

"Msimkatie mwanangu njia kwa ajili yangu. Umenisikia?"

Jumamosi ikafika. Nilitaka kuzima televisheni, mama akakataa katakata. Basi nilimzungushia mito kila upande, mgongoni, mbavuni, magotini, na blanketi juu yake. Aliniambia nimemfanya aonekane kifurushi cha posta. Tukacheka wote wawili.

Mechi ilianza saa tisa alasiri, na dakika kumi hazikupita kabla sijaona kwamba habari za benchi la hospitali zimewafikia wote. Mashine hawakuwa Mashine. Nahodha aliuacha mpira wa kichwa umpite. Winga wa kushoto alirukia pembeni kila alipofuatwa. Kipa aliupiga mpira ngumi kwa mikono iliyokunjwa, kama anayeogopa kuungua. Mtangazaji alisema wamelewa ubingwa, wamevimba vichwa. Mimi nilikuwa najua kila mmoja anamwogopea nani.

Hata hivyo mapumziko yalifika bila bao. Kipindi cha pili kikasonga. Sitini. Sabini. Mama alikuwa mzima. Nilianza kuamini.

Dakika ya sabini na tisa mpira ulimpita kipa. Goli lilikuwa wazi. Mshambuliaji wao alibaki kuusukuma tu. Mdogo wangu alikuwa hatua tatu kutoka mwamba.

"Acha!" nilipiga kelele. "Acha liingie!"

"Ingia, mwanangu," mama alinong'ona.

Sidhani kama mdogo wangu alichagua. Naapa sidhani. Mwili wake ulikuwa umefundishwa jambo moja tu tangu akiwa mdogo. Alijirusha. Kichwa kikaupata mpira. Kisha kikaupata mwamba.

Mlio ule niliusikia mara mbili. Mmoja kwenye televisheni.

Mmoja nyuma yangu.

Sikugeuka. Sikuweza kugeuka. Nilimtazama mdogo wangu akinyanyuka pale golini, mzima. Uwanja ulikuwa unalipuka kwa shangwe. Alijishika kichwa. Akatafuta damu kwenye vidole. Hakuna. Akatazama kamera moja kwa moja, yaani alinitazama mimi, na sura yake ikaporomoka. Akavua jezi, akaitupa, akakimbia nje ya uwanja huku refa akipuliza filimbi.

Wenzake walimwona akikimbia. Walielewa.

Wakasimama. Wachezaji kumi, mikono imening'inia, kila mmoja pale alipokuwa. Wapinzani walisita kidogo, kisha wakapita katikati yao. Bao. Wakaanzisha mpira, wakaporwa, bao lingine. Zilikuwa dakika kumi na moja, na yalikuwa mabao matano. Profesa alikaa kwenye benchi amekunja nne, anatazama saa yake.

Ndipo nilipogeuka.

Kwa nje mama hakuwa na jeraha. Mito yote ilikuwa mahali pake.

Msimu uliofuata Mashine walipoteza takriban kila mechi, maana hakuna mchezaji aliyekubali kugusana na mtu. Mashabiki waliwazomea, wakawaita waoga, wakachoma jezi. Walishuka daraja, kisha wakashuka lingine. Profesa hakuonekana tena, na nyasi za uwanja ule zilikua mpaka magotini. Hilo mnalijua, liliandikwa magazetini. Wasiloandika ni lile la nyumbani kwetu.

Siku ya nne baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mdogo wangu alisimama jikoni akaanza kupiga ukuta kwa ngumi. Alipiga kwa nguvu zake zote, plasta inamwagika.

"Siumii, dada," alisema akilia. "Mama amekufa na bado siumii. Hata kidogo!"

Akapiga tena. Na tena.

Kutoka chumbani binti yangu akapiga yowe.

Nilimkuta amekaa kitandani, ameinua mkono wake mdogo. Viungo vyote vinne vya ngumi vilikuwa vimevimba, vyekundu. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu mlangoni. Nilimrukia nikamkamata shingo.

"Umemwandika? Umemwandika mwanangu?"

"Sikumwandika. Naapa kwa kaburi la mama, sikuandika jina la mtu."

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mtoto yule begani kila alipokuja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfanya acheke. Hakukuwa na haja ya kalamu.

Alirudi nyuma polepole, mikono ameibana kifuani asigonge chochote. Akafunga begi lake saa ileile. Hakumbusu mtoto, hakumtazama hata mara moja; alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nakwenda mbali," aliniambia. "Usinipigie. Usinitumie picha zake. Nitajaribu kumsahau."

Ni miaka saba sasa. Hakupiga simu, hakuandika. Mwanzoni nilimkagua binti yangu kila asubuhi na kila jioni, kuanzia unyayo hadi utosi. Kulikuwa na kikwaruzo mara mojamoja, mwaka wa kwanza. Kisha hakukuwa na kitu. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na mtoto akakua mzima, mtundu, mbishi. Nikaacha kukagua. Nilijiambia amefaulu kumsahau, au amekufa. Na Mungu anisamehe, kuna siku sikujali ni lipi kati ya hayo.

Wiki iliyopita nilikuwa nampima gauni jipya. Alivua blauzi, akainua mikono nimzungushie futi kifuani. Chini ya mbavu, upande wa kulia, palikuwa na mshono. Urefu wa kidole. Nukta tisa upande huu, tisa upande ule, nyuzi zimeshatolewa, ngozi imefunga vizuri. Mimi ni fundi, najua kazi ya mkono mzuri nikiiona. Mwanangu hajawahi kulazwa hospitali hata siku moja.

"Hii umeipata wapi?"

Aliinama kuitazama, akaigusa kwa kidole. "Sijui. Niliamka nikaikuta. Iliniuma sana usiku ule, ila nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza? Kwa nini hukuniita?"

Akachukua blauzi yake, akaanza kuivaa.

Nilikaa sakafuni, pini bado ziko mdomoni. Mdogo wangu yu hai, mahali fulani, na kuna daktari aliyempasua na kumshona vizuri. Nililia kwa furaha, nakiri. Nililia mpaka nilipokumbuka ni kwa nini jeraha lile liko pale: miaka saba, na bado hajamsahau. Binti yangu alinishika bega akauliza nalilia nini, na nikamwambia ni pini, imenichoma.