Mashine Iliyozimwa Kabla ya Kuwashwa

Kila Jumatano, akitoka shule, Evodia hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la zamani la ushirika, pale Iguguno, ambako akina mama wa kikundi cha alizeti walimsubiri na mikono imejaa mafuta. Aliketi mbele ya kompyuta, akawasomea mwongozo wa mashine ya kukamulia. Alikuwa darasa la sita, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mama Loyce, aliyependa kukaa nyuma, alimwambia kila mara asome kama mtu aliyekula.

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa sita aliona jambo dogo. Alikuwa amemaliza ukurasa wa kwanza, "Kupokea mbegu". Akabofya neno "Mbele" lililokuwa chini, ukaja ukurasa mwingine, akaanza kusoma: "Baada ya kazi ya siku, zima mashine, kisha fungua vifuniko." Evodia akatua. Mashine izimwe? Habari ya kuiwasha ilikuwa bado haijasomwa. Akawageukia akina mama. Hakuna aliyeshtuka. Mama Loyce alikuwa akipiga miayo. Evodia akaendelea kusoma. Wiki iliyofuata Mama Yustina, mwenyekiti, alimwambia achague "Kuwasha mashine" kwenye orodha ya yaliyomo, na jambo lile likapita.

Kurasa zile zilitengenezwa na Laurian, fundi wa kompyuta kutoka Singida mjini. Siku hizo ushirika ulikuwa umekufa, wanunuzi wa alizeti walikuja na malori yao wenyewe, na shirika moja likawapa akina mama mashine ili wauze mafuta badala ya mbegu. Shirika hilo lilileta pia kompyuta kuukuu ya kuwashwa kwa jenereta, na ndani yake mwongozo uliotafsiriwa kutoka Kiingereza. Mwongozo wote ulikuwa faili moja tu la HTML, la kusomwa kama ukurasa wa mtandao, refu kama kamba ya kisima. Ukilifungua, kompyuta iliganda muda wa kuchemsha uji. Ukitaka sura ya mwisho, ilibidi ushuke na ushuke mpaka kidole kichoke.

Laurian alisema atalikata. Hakukata kwa mkono. Aliandika orodha ya amri, akaiita skripti. Amri zile ziliiambia kompyuta isome faili mstari kwa mstari. Kila ikikuta kichwa cha sura, ianze ukurasa mpya, iupe jina, na chini yake iweke viungo vya kubofya: "Nyuma", "Yaliyomo" na "Mbele". Alibonyeza mara moja tu, na kabla Mama Yustina hajamaliza kufunga kilemba chake, kurasa zilikuwa tayari. Akina mama walipiga vigelegele. Evodia alimuuliza kwa sauti ya chini kama hatazisoma kwanza. Laurian akacheka, akamjibu kwamba skripti hiyo ilikwisha kukata mwongozo wa Kiingereza bila kosa, na kwamba mambo hayo ni ya watu waliosoma. Tangu hapo Evodia hakumuuliza kitu tena.

Katikati ya mwezi, mashine ikavunjika.

Aliyeiendesha alikuwa Klara, mama yake Evodia. Kikundi kilimchagua chenyewe kwa kuwa alikuwa mtulivu na hakuogopa kelele za injini, na tangu siku hiyo alitembea ameinua kichwa. Asubuhi ile alimimina gunia la alizeti kama alivyomimina mengine. Ndani yake kulikuwa na nati ya plau, iliyozolewa pamoja na mbegu uwanjani walikopuria. Mlio ulisikika mpaka barabarani. Parafujo kubwa ya kukamulia ilikatika vipande viwili.

Jumamosi Laurian alikuja, kikao kikaitishwa. Alisema mwongozo una sura nzima ya kusafisha mbegu, inayoagiza mbegu zipitishwe kwenye chekeche na kwenye sumaku. Yeye mwenyewe aliisoma sura hiyo kwa Kiingereza. Sumaku yenyewe walipewa. Akafungua boksi lililokuwa kwenye kona, akaitoa ikiwa bado na plastiki yake.

"Kitabu kimesema," alisema. "Kama mtu hataki kusikia, kompyuta itamshika mkono?"

Wengine wakacheka. Mama Loyce akauliza kama siku ile macho ya Klara yalikuwa kwenye alizeti au kwenye malori yanayopita. Klara alijibu kwamba sura hiyo hakupata kuisikia.

"Basi msomaji wenu ameiruka," Laurian akasema, akamtazama Evodia.

Evodia alifungua mdomo. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, yakarudi. Kikao kikaamua Klara aachie mashine. Atabeba mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, na parafujo mpya ikifika atawekwa mtu mwingine.

Jioni ile Klara alikoka moto. Kisha akamuuliza binti yake kwa Kinyiramba, mara moja tu, kama aliruka. Evodia akatikisa kichwa. Mama yake akamwamini palepale, akageuza sufuria. Jambo hilo lilimuuma Evodia kuliko kicheko cha watu wote. Mama yake abebe mashudu kwa sura ambayo hakusomewa? Na yeye aitwe mwongo kwa ukurasa ambao hakuuona? Usingizi ulimjia na hasira yake ikiwa bado ya moto.

Jumatatu alimwomba Mama Yustina ufunguo, akaketi mbele ya kompyuta na daftari la hesabu. Alifungua yaliyomo. Sura ya pili iliandikwa "Kusafisha mbegu". Akaibofya, ukaja ukurasa wa "Kusafisha mashine". Akarudi, akabofya sura ya tisa, "Kusafisha mashine". Ukaja ukurasa uleule. Akaandika daftarini. Akatafuta lile faili refu la mwanzo, ambalo Laurian hakulifuta, akalingoja mpaka likafunguka. Hakushuka mbali. Baada ya "Kupokea mbegu" tu, sura ya pili ilikuwepo, na chekeche yake na sumaku yake: "Usimimine gunia lolote kabla ya kulisafisha." Alihesabu vichwa vya sura kwenye faili refu, vilikuwa kumi na viwili. Alihesabu kurasa za Laurian, zilikuwa kumi na moja.

Jumamosi iliyofuata Laurian alifika na parafujo mpya begani. Akina mama walikuwa bado hawajaingia.

"Shikamoo, mwalimu," Evodia alisema, akamwekea daftari mbele.

Laurian alisoma. Akafungua skripti yake, akaifuata mstari kwa mstari. Alipoongea, aliongea kama anayejisemesha. Skripti ilichukua neno la kwanza la kila kichwa ikalifanya jina la ukurasa. Kwa Kiingereza maneno hayo yalitofautiana, moja lilianza na mbegu, jingine na mashine. Kwa Kiswahili vichwa vyote viwili vilianza na "kusafisha". Kurasa mbili zikapewa jina moja, na sura ya tisa ikaandikwa juu ya ya pili, ikaifuta. Ndiyo maana "Mbele" iliruka kutoka ya kwanza hadi ya tisa.

Alirekebisha amri haraka, kila jina litanguliwe na namba ya sura. Kidole chake kikawa juu ya kibonyezo.

"Nikibonyeza hapa zinakuwa kumi na mbili," alisema. "Yaishe hapahapa, mdogo wangu. Wakijua, mjini nitaonekanaje? Na mama yako mbona mashudu anayaweza."

"Usibonyeze," Evodia alisema.

Hakuwahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo. Laurian akageuka.

"Unasemaje?"

"Usibonyeze, mwalimu. Waone kwanza."

Akina mama walikuwa wameshafika mlangoni, Klara nyuma yao na gunia la mashudu kichwani. Mama Yustina akauliza ni kitu gani kisibonyezwe. Evodia hakujua angeanzaje kueleza, kwa hiyo hakueleza. Alimwomba Mama Loyce akae kwenye kiti, ashike kipanya, abofye palipoandikwa "Kusafisha mbegu", na asome mwenyewe kwa sauti.

Mama Loyce alisoma polepole, akifuata kwa kidole. "Baada ya kazi ya siku, zima mashine." Akasimama. "Mbegu zenyewe ziko wapi hapa? Mbona tunazima, tuliwasha lini?"

Hakuna aliyecheka. Evodia akafungua faili refu, akawasomea sura ya pili yote. Sauti yake ilimfikia kila mtu, hata Klara, aliyekuwa bado hajautua mzigo.

Macho yote yakamwelekea Laurian. Fundi alijaribu kusema habari ya tafsiri, akaiacha njiani. Akasema kosa ni lake. Hakuzihesabu kurasa, wala hakuzisoma baada ya kuzikata, na alipoligundua kosa alitaka kulificha. Akamgeukia Klara, akamwomba radhi, kisha akamwomba Evodia.

Mama Loyce alimsaidia Klara kutua gunia. "Nilikusema vibaya, ndugu yangu," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa napiga miayo."

Mama Yustina aliagiza Laurian abonyeze sasa, na Evodia azihesabu. Zilikuwa kumi na mbili, na kila moja ilifunguka mahali pake. Ndipo mwenyekiti akasema.

"Laurian, mwanangu, kukosea hakukukuvunjia heshima. Kila mmoja hapa amewahi kuunguza chakula. Ulichokosa ni kumwachia mwenzako alibebe kosa lako kichwani, ukijua ni lako. Kazi ukiimaliza, ihesabu. Ikiwa na kasoro, iseme kabla haijamwumiza mtu. Nasi wengine tuliocheka kabla ya kuuliza, tuone aibu. Klara, mashine ni yako."

Siku hiyohiyo Klara alipitisha gunia la kwanza kwenye chekeche, kisha kwenye sumaku. Sumaku ilinasa msumari mmoja. Aliuokota, akauonyesha kila mtu, akauweka juu ya kompyuta.

Walirudi nyumbani pamoja, Klara akimsimulia binti yake jinsi sauti yake ilivyojaa ghala zima, na jinsi Laurian alivyokosa pa kuweka mikono. Maneno ya Mama Yustina yalikuwa yamemlenga Laurian, lakini Evodia pia yalimwingia. Walipofika kwenye kona ya shamba lao, akamshika mama yake kitenge.

"Mama," alisema, "mimi niliona tangu Jumatano ile ya kwanza. Niliona mashine inazimwa kabla haijawashwa, nikanyamaza."