Sifuri Tisa Kwenye Kadi ya Baba

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Karani alichukua kadi ya hospitali juu ya kabati, akaketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake na kufungua kalamu. Jina hilo la Karani alipewa na baba, kwa sababu ya mwandiko wake ulionyooka kama vigae vilivyopangwa na fundi.

"Mazoezi?" aliuliza.

"Tayari, bosi."

"Magongo yote mawili?"

"Yote mawili. Nimekuwa mnyama wa miguu minne."

"Maumivu, sifuri mpaka kumi?"

Hapo baba alijibu, naye Karani akaandika. Ilianza nane, ikashuka hadi tano, ikashuka hadi mbili, mwisho ikafika sifuri. Nyumba nzima ikashusha pumzi.

Baba alikuwa fundi vigae. Miaka ishirini ya kupiga magoti na kuchuchumaa ilimla nyonga ya kulia mpaka akawa havai soksi bila kusaidiwa. Daktari wa mifupa hakumkata kichwa cha mfupa wa paja. Alikichonga kidogo, akakivisha kofia ya chuma, na kwenye tundu lake akaweka kikombe cha chuma. Watoto wa jirani walimcheka Karani: "Baba yako akipita karibu na sumaku, atanasa!"

Lakini daktari alikuwa ameonya, tena mbele ya mama na Karani. "Chini ya kofia hii, shingo ya mfupa ni ile ile yako. Miezi ya mwanzo inaweza kupasuka. Usibebe mzigo, usiache magongo mpaka niseme. Ukisikia maumivu kinenani, hata kidogo, yaandikwe. Tutakupiga picha siku hiyo hiyo."

Wiki ya tano baada ya upasuaji, mama akiwa sokoni, baba aliegemeza magongo ukutani akabeba boksi la vigae kutoka uani mpaka stoo. Alitaka tu kujipima. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshika kinena.

"Maumivu?" aliuliza Karani.

"Andika sifuri."

"Lakini baba, mbona umekunja uso?"

"Sikiliza, mwanangu. Ukumbi wa shule yenu unangoja sakafu, na kazi ile nimeahidiwa mimi. Wakisoma kwamba naumwa, watanibakiza kwenye magongo, na kazi atapewa mwingine. Andika sifuri. Na mama yako asijue, presha itampanda bure."

Karani aliandika. Alipofika shule alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu, akaandika namba ambayo baba aliitamka kwa kuguna alipoulizwa tena: tatu. Kesho yake tatu tena. Kisha nne. Kwenye kadi, sifuri.

Siku ya kliniki baba, akisindikizwa na mama na Karani, aliketi kwenye benchi pamoja na tarishi mmoja aliyefanyiwa upasuaji kama wake, wiki ile ile. Kwenye kadi yake tarishi alikuwa ameandika nne. Akapelekwa kupigwa picha, ukaonekana ufa mwembamba kama unywele, akaongezewa miezi miwili ya magongo.

"Mwoga yule," baba alinong'ona.

Muuguzi aliipitia kadi ya baba akatabasamu. "Mzee, ungekuwa mwanafunzi ningekupa mia kwa mia! Rudi baada ya mwezi." Mama alicheka kwa furaha. Karani aliangalia viatu vyake.

Siku tatu baadaye, Karani akiosha vyombo, baba aliona kigae cha jikoni kimelegea. Akaweka magongo chini, akachuchumaa. Ikasikika sauti, *ka!*, kama kigae kinapovunjika mkononi. Karani alidhani ni kigae. Kisha baba akapiga yowe, na mguu wake ukalala upande ambao mguu haulali.

Hospitalini baba alichomwa sindano ya maumivu akasinzia. Daktari alisimama na kadi mkononi, paji la uso limejikunja.

"Kadi inasema hakuwa na maumivu kabisa. Basi mfupa huu umevunjikaje kirahisi hivi? Nisipojua chanzo siwezi kumfungua kwa uhakika. Kama ni vijidudu vya ugonjwa vimeingia ndani, chuma kipya nikikiweka leo nitamharibu zaidi."

"Hakuumwa, daktari," mama alisema. "Mwanangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika."

Karani alimsogelea daktari. Akafungua mkoba wa shule aliokuja nao, akatoa daftari la hesabu.

"Sifuri tisa za mwisho ni za uongo. Za kweli ziko hapa."

Daktari akasoma: tatu, tatu, nne, nne, tano, sita, sita, saba, saba. "Alikuwa na homa?"

"Hapana. Ilianza baada ya kubeba boksi la vigae."

"Basi ni ufa." Daktari alikuwa tayari anaelekea mlangoni. "Laiti ningeziona namba hizi mapema."

Mama hakumpiga wala kumfokea. Alikaa chini sakafuni pale pale, kanga kichwani, akalia. Karani aliona afadhali angepigwa.

Kofia ya chuma iliondolewa, baba akawekewa nyonga nzima ya bandia. Alipona, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi kidogo, na kuchuchumaa akakatazwa maisha yake yote. Ukumbi wa shule uliwekwa sakafu na fundi mwingine. Kila walipokusanyika humo, Karani alikanyaga vile vigae polepole. Tarishi, yeye, alipita barabarani kwa baiskeli.

Siku baba aliporudi nyumbani, alimwita Karani. "Mwanangu, daktari haoni ndani ya mguu wangu. Macho yake yalikuwa kadi ile, nami nikayafumba kwa mkono wako. Kosa ni langu. Ila ushike hili: mtu mzima akikuambia ufiche maumivu, hata akiwa mimi baba yako, usikubali. Nenda ukamwambie mwingine, siku hiyo hiyo."

Mama akaleta kadi mpya. Karani akafungua kalamu.

"Maumivu?"

Baba alimtazama mama, kisha akajitazama mguu.

"Sita," alisema.

Karani akaandika sita.